Maji Yakichemka, Kinachokatika ni Nini?

Haya niliyasema kwenye mahafali ya kidato cha nne, hapa Tanga. Niliongea bila karatasi, na vijana walioniomba niyaandike ndio walionikumbusha vipande nilivyokwisha kuvisahau. Salamu za itifaki nimezifupisha, maana nikianza kutaja majina hapa nitamruka mtu na nitasikia habari zake msikitini.

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho ya kukodi: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Ambaye salamu yake haijamfikia, hujambo?

Barua ya kunialika iliponifika nilidhani imepotea njia. Mgeni rasmi tuliyemzoea huja na gari na huacha bahasha. Mimi nimeshuka kwenye bodaboda, na nilichopakata ni hili deli. Wadogo kule mbele msilitolee macho, hamna aiskrimu. Humo mna chupa mbili za mafuta ya kupikia, na barafu ya samaki niliyoinunua alfajiri pale Deep Sea. Waliokaa mstari wa kwanza nawaomba radhi kwa harufu.

Mkuu wa Shule ameniomba niseme Kiswahili. Kemia mmeisoma kwa Kiingereza na mtihani wiki chache zijazo mtaujibu kwa Kiingereza, sawa. Lakini kwenye viti vya nyuma wapo baba na mama walionunua madaftari hayo, na sitaki waondoke hapa na soda peke yake.

Nianze na chupa. Hii ya kwanza ni mafuta ya nazi, ameyakamua jirani yangu kwa mkono, kwa kuchemsha tui. Hii ya pili ni alizeti ya dukani. Zimelala kwenye barafu pamoja tangu asubuhi. Tazameni: nikiipindua ya alizeti, inamiminika. Nikiipindua ya nazi, hakuna kitu. Imekuwa nyeupe pe, kama mshumaa. Naziweka hapa mezani, tutazirudia.

Sababu ya kuzileta ni binti yangu. Ameolewa Lushoto, na wanaoijua Lushoto wanajua Julai yake. Alinipigia simu asubuhi moja: "Baba, yale mafuta uliyoniletea yameharibika, yameganda, nayamwaga." Nikamwambia, mwanangu, tafadhali, weka chupa juani kisha unipigie tena. Alipiga saa sita mchana, akicheka. Mafuta yake yalikuwa mazima, tena hayakuwa yamepata hata ugonjwa. Kilichobadilika ni namna yalivyokuwa yameshikana.

Neno hilo, kushikana, naomba mlitunze. Na pembeni yake muweke lingine: kufungana. Watu wengi waliosoma kemia, na mimi nikiwemo kwa muda mrefu, huyachanganya haya mawili.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao sitautaja kwa sababu mtapiga hesabu, tuliulizwa kwenye jaribio: maji yakichemka, kunatokea nini? Nikajibu kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba bondi, yaani vifungo, kati ya haidrojeni na oksijeni hukatika, na gesi hizo hupaa. Nilijiamini. Nilikuwa nimetumia neno bondi. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakuniwekea alama ya kosa. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Basi jiko la mama yako lingekuwa limeshalipuka."

Nililibeba daftari lile mpaka nyumbani. Jioni mama amebandika sufuria, mvuke unatoka, moto chini yake unawaka. Haidrojeni inashika moto, tena kwa kishindo. Oksijeni ndiyo inayolisha moto. Kama ule mvuke ungekuwa gesi hizo mbili, ukoo wetu ungekwisha kwa chai ya asubuhi. Nikachukua sahani baridi nikaikinga juu. Ikalowa. Matone yakadondoka. Maji yalipanda yakiwa maji, yakarudi yakiwa maji. Mama akaniuliza kama nimepungukiwa kazi.

Basi kinachokatika ni nini?

Molekuli moja ya maji ni oksijeni moja iliyofungana na haidrojeni mbili. Kufungana huku ni kwa kushirikiana elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi: kila atomu inaleta elektroni moja, jozi inakaa katikati, na zote mbili zinaishikilia. Aliyeliweka wazo hili la jozi ni Mmarekani Gilbert Lewis, mwaka 1916. Zile nukta mnazochora kuzunguka herufi za elementi ni zake. Alipendekezwa kupewa Tuzo ya Nobel zaidi ya mara 40 na hakuipata hata mara moja, kwa hiyo atakayekosa zawadi ya mwanafunzi bora leo asinune sana.

Nilipofundishwa bondi nilifundishwa kwa mfano wa ndoa. Nadhani na ninyi vilevile. Sodiamu anatoa mahari, klorini anapokea. Haidrojeni na oksijeni wanaishi kwa kushirikiana. Mfano unachekesha, darasa linaamka, lakini mimi uliniharibia. Kwa sababu ukishaona molekuli kama mume na mke, kila kitu kinachobadilika unakiita talaka. Maji yamechemka, talaka. Barafu imeyeyuka, talaka. Sukari imepotea kwenye chai, talaka tena. Wakati mara nyingi hakuna aliyeachana na mtu. Ni wageni tu wanaondoka shughulini, kila familia na watoto wake.

Tuweke namba, maana bila namba haya ni maneno ya barazani. Chukua gramu 18 za maji, kama vijiko vitatu na nusu vya chai. Kuyafanya yote yawe mvuke kunataka kilojuli 41 hivi (kilojuli ni kipimo cha nishati). Hiyo ndiyo gharama ya kuzitenganisha molekuli zilizoshikana. Sasa ukitaka kuzivunja molekuli zenyewe, kuzing'oa haidrojeni zote kutoka kwenye oksijeni, kila bondi inadai kilojuli 463, na ziko mbili katika kila molekuli. Jumla 926. Zaidi ya mara ishirini. Jiko la mkaa halina ubavu huo. Hata ukiyapasha maji mpaka nyuzi 2,000, sehemu kubwa yake bado itakuwa maji.

Mama mmoja pale nyuma ananitazama kama anayeuliza, mkaa unahusu nini? Unahusu, mama. Lita moja ya maji kutoka joto la kawaida mpaka ianze kuchemka inakula kilojuli 314 au karibu yake. Ukiiacha ichemke mpaka sufuria ikauke, itakula nyingine 2,257. Mara saba! Na muda wote huo joto la maji halipandi, linabaki nyuzi 100 palepale. Moto wote unaishia kuachanisha molekuli zilizoshikana. Kwa hiyo maharage yakishachemka, kufurukuta kwa nguvu hakuyaivishi upesi. Funika, punguza moto. Debe la mkaa bei yake mnaijua kuliko mimi.

Kwa nini molekuli za maji zishikane hivyo? Oksijeni ni mchoyo. Ile jozi ya elektroni inaivutia upande wake, haidrojeni inabaki nusu uchi, ina chaji chanya kidogo, na oksijeni ina hasi kidogo. Haidrojeni ya molekuli hii inaiegemea oksijeni ya molekuli ile. Kuegemea huko ndiko tunakokuita bondi ya haidrojeni, na jina hilo limewapoteza wengi, maana si bondi ya kufungana. Ni ya kushikana, kama kilojuli 20 tu kwa kipimo kilekile.

Mnaotaka ushahidi, nendeni Amboni. Mapango mmeyaona wote, kila mwaka shule inapeleka basi. Lakini karibu na hapo ziko chemchemi za Galanos, za maji ya moto yenye salfa, na ukikaribia tu pua inakwambia: yai viza. Gesi ile ni haidrojeni salfaidi. Ni ndugu ya maji: ondoa oksijeni, weka salfa, haidrojeni mbili zibaki vilevile. Tena molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya ile ya maji. Kwa akili ya kawaida kizito ndicho kingetulia chini kikawa kimiminika, chepesi kipae. Kumbe kizito kinachemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, na chepesi kinasubiri mpaka 100 juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 160! Salfa haina uchoyo wa oksijeni, basi. Molekuli zake hazishikani vya kutosha, ndiyo maana zinakufuata mpaka puani. Kama maji nayo yangekosa ule mshiko, bahari hii ya Tanga ingekuwa hewa, na sisi tusingekuwepo kuijadili.

Mji wetu huu una sifa yake ya zamani, na watu wanabishana namna ya kuisema. Wapo wanaosema "waja leo waondoka leo". Wengine, hasa wenyeji wanaojua mambo ya wenyeji, wanasema "waja leo, kuondoka majaliwa". Mimi nimefundisha kemia Tanga miaka mingi, nawaambia kauli zote mbili ni za kweli. Bondi ya haidrojeni kwenye maji ni waja leo waondoka leo. Hata "leo" ni muda mrefu mno kwake: chukua sekunde moja, igawe mara milioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena mara milioni. Kwa muda kama huo molekuli imeshamwachia jirani huyu imemshika mwingine. Glasi ya maji imetulia hapo mezani, ndani ni kama Barabara ya 12 siku ya gulio. Ila ile bondi ya ndani, ya jozi ya Lewis, hiyo ni kuondoka majaliwa.

Turudi kwenye mafuta. Hapa hapana uchoyo. Mafuta ni minyororo ya kaboni yenye haidrojeni ubavuni. Hakuna anayevuta sana, hakuna chanya wala hasi ya kudumu. Zingepaswa zipitane tu bila salamu. Lakini mmeona chupa. Zimeshikana mpaka zimekuwa jiwe.

Aliyelifungua jambo hili simalizi hotuba bila kumtaja, maana ni mwenzetu, mwalimu wa shule ya msingi. Johannes Diderik van der Waals, Mholanzi, alizaliwa Leiden mwaka 1837, mtoto wa fundi seremala, wa kwanza katika watoto kumi. Chuo kikuu mlango ulikuwa umefungwa: ili ufanye mtihani ulitakiwa ujue Kilatini na Kigiriki, na mtoto wa seremala angevijulia wapi? Akafundisha. Akajisomea usiku. Sheria ilipolegezwa akaingia, na mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 35, akatoa tasnifu iliyosema kwamba molekuli zina ukubwa wake na zinavutana, zote, hata za gesi. Mwaka 1910 akapewa Nobel ya fizikia. Nawaomba walimu mlio hapa msimtaje tu kama jina la kani ubaoni. Semeni alikuwa nani.

Kwa nini zinavutana ilikuja kuelezwa mwaka 1930 na Fritz London, ambaye licha ya jina hilo alikuwa Mjerumani. Elektroni hazitulii. Nukta hii zimeelemea upande huu wa molekuli, nukta ijayo upande ule. Zikielemea, jirani naye anashtuka, elektroni zake zinasogea, na kwa kitambo hicho kidogo wanavutana. Kisha inapita. Kisha inakuja tena. Ni mvutano dhaifu mno, lakini hakuna asiyekuwa nao. Hata heli, gesi isiyotaka kufungana na mtu yeyote, ukiipoza mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri inashikana na kuwa kimiminika.

Mvutano huo unategemea kugusana. Kadiri molekuli zinavyolala bega kwa bega, ndivyo zinavyoshikana. Sasa hapa kuna kitendawili nilichowahi kuwapa wanafunzi wangu na wakakasirika. Asidi kuu ya mafuta ya nazi, karibu nusu ya mafuta yote, ina kaboni 12. Minyororo ya alizeti mingi ina kaboni 18. Mrefu una mahali pengi pa kugusana, kwa hiyo alizeti ndiyo ingetangulia kuganda. Mbona imegeuka?

Chukueni mikeka miwili. Mmoja wa ukindu ulionyooka, mwingine wa ukindu uliovunjika katikati. Huo uliovunjika hata uupange vipi haulali. Mnyororo wa nazi umenyooka. Wa alizeti una bondi mbilimbili njiani, za jozi mbili badala ya moja, na kila penye bondi hiyo umepinda. Namba zake ni hizi: mnyororo wa kaboni 18 ulionyooka unayeyuka nyuzi 69. Upinde mara moja tu, unashuka mpaka 13 au 14. Upinde mara mbili, kama ilivyo alizeti nyingi, unashuka chini ya sifuri. Atomu karibu zilezile, kaboni zilezile 18, kupinda tu. Na nazi yetu kwa ujumla wake inayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, ndiyo maana Tanga mjini tunaiona mafuta na Lushoto wanaiona samli.

Kabla sijasahau, tazameni juu. Pale karibu na feni. Mjusi kafiri, amekuwa akinisikiliza kwa utulivu kuliko kidato cha pili. Nani amewahi kujiuliza anashikaje dari? Hana gundi, angeacha alama. Hanyonyi kama pampu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, akina Kellar Autumn, waliuchunguza unyayo wa jamaa yake mkubwa wa Asia. Una karibu nywele nusu milioni, na kila unywele umechanika ncha mamia. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba kinachomshika ni hizo kani za van der Waals tu, ule mvutano wa molekuli na molekuli, wa mafuta haya. Ncha ni ndogo kiasi kwamba inafika kabisa kwenye dari, na kugusana kunakuwa kwingi mno. Akitaka kuondoka haongezi nguvu: anakunja kidole kutoka mbele, anabadilisha pembe, nywele zinaachia moja moja. Nimekaa na mijusi nyumbani tangu nizaliwe, na mama akitufundisha kuiua. Nilipolijua hili nilikuwa na mvi.

Chumvi nitaipita haraka, ingawa mashamba ya chumvi ya mwambao huu yanastahili hotuba yake. Ninachotaka mwone ni kwamba ndani ya chumvi hakuna molekuli. Sodiamu haina mwenzi wake. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, mpaka mwisho wa punje. Chanya na hasi kamili, kwa hiyo wanashikana kikweli, na kuyeyusha kunataka nyuzi 801. Ndiyo maana jua likipiga jaruba, maji yanaondoka na chumvi inabaki: jua lile lile linaweza kuachanisha kimoja na linashindwa kingine. Lakini gonga chumvi ya mawe kwa mchi, inapasuka kwa nyuso bapa, mraba mraba. Safu imesogea nafasi moja, chanya imekutana na chanya, zikasukumana.

Na nisiwaache mkidhani kufungana hakuvunjiki kabisa. Kunavunjika, na mababu zetu walikuvunja. Nendeni Tongoni, njia ya Pangani. Ule msikiti na yale makaburi ya kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ilipikwa: mawe juu ya magogo, moto mkubwa, nyuzi 900 hivi. Humo sasa bondi za kweli zilikatika. Kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zinapaa kama kaboni dayoksaidi. Fundi akimwagia maji, chokaa inafoka na kuchemka bila moto. Ikishapakwa ukutani, inaanza polepole kuivuta tena ile kaboni dayoksaidi kutoka hewani, miaka na miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Ukuta wa Tongoni umejifunga upya. Sisifii kuchoma matumbawe leo, bahari imeshaumia vya kutosha. Nasema tu: hapo ndipo neno "kukatika" lilipo mahali pake, na dalili zake mnaziona, kitu kipya kimezaliwa, sahani baridi haikirudishi.

Nimebakisha mkonge. Mtu wa Tanga aongee nusu saa asitaje mkonge, atarudi vipi nyumbani? Baba yangu alikuwa kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, akilisha majani kwenye mashine, na mikono yake ilikuwa na makovu ya utomvu. Historia mnaijua: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, mwaka 1893 ikafika kwetu mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka hiyo 62 zikaja reli, bandari, makambi ya manamba, na miaka ya sitini Tanzania ikawa ya kwanza duniani.

Sasa kamba ya katani ni nini? Ni sukari. Msicheke. Ni glukosi, maelfu kwa maelfu, zimefungana kwa bondi za kovalenti, zile za jozi ya Lewis, kuwa uzi mmoja mrefu. Unga wa muhogo nao ni glukosi, tofauti ni upande wa kuungia: wanga unajiviringa kama chemchemi ya godoro, katani inanyooka. Na zikinyooka zinalala sambamba, na kila glukosi ina oksijeni na haidrojeni za kuegemea jirani. Bondi za haidrojeni, zilezile dhaifu, za kuja leo kuondoka leo. Isipokuwa hapa zimejipanga maelfu upande kwa upande kama zipu ya begi. Hii ikiachia, zile mia zimeshika, na ikigeuka inamkuta jirani yuleyule. Sukari ya chai inayeyuka kwa sababu maji yanaishika kila upande. Katani ina hamu hiyohiyo ya maji, ila nyuzi zake zimesharidhiana zenyewe. Maji yanaingia pembezoni tu, uzi unavimba, kamba inakaza. Wavuvi wa zamani wanajua kamba ya katani ikilowa fundo lake hulifungui kwa vidole.

Kisha ikaja kamba ya plastiki, polipropilini. Mnyororo wa kaboni na haidrojeni, kama mafuta, mrefu sana. Hauna oksijeni, kwa hiyo hauna cha kuegemea maji: haulowi, haivimbi kamba yake, inaelea. Mabaharia wakaipenda, na bei ya mkonge ikaanguka, na baba yangu akarudi nyumbani mapema kuliko alivyopanga. Mimi nililichukia lile neno plastiki kabla sijajua limeandikwaje. Siku nilipoelewa ubaoni kwamba kilichomwondoa baba kazini ni mnyororo usio na oksijeni ubavuni, sikujua nicheke au nilie. Lakini mpite ufukweni leo. Kipande cha kamba ya katani kimeshaoza, vijidudu vina meno ya kuzikata bondi zake. Cha plastiki cha mwaka juzi kiko palepale, kijani vilevile.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini binti mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono, na nikamruhusu, ingawa mshereheshaji alikuwa ananionyesha saa.

"Shikamoo mwalimu. Mafuta yako yameanza kuyeyuka."

Marahaba. Kweli, ukumbi ule ulikuwa wa moto na chupa ilishakuwa na mafuta nusu.

"Lakini donge limezama. Kwenye glasi yako barafu inaelea. Kwa nini?"

Nawaambia ukweli, sikuwa nimelipanga hilo. Nilikuwa nimetazama chupa hizo tangu alfajiri na sikuliona. Nikamwomba aje mezani, akaviweka pamoja, chupa na glasi, ukumbi mzima ukasimama kutazama. Donge jeupe chini. Barafu juu.

Nikamjibu hivi. Karibu kila kitu duniani kikiganda kinabanana, molekuli zinalala karibu zaidi, kinakuwa kizito kuliko kimiminika chake, kinazama. Mafuta yamefuata kanuni. Maji ndiyo yaliyokaidi. Kwenye barafu kila molekuli inataka kushikana na jirani wanne, kwa pembe maalumu, na ili pembe hizo zitimie lazima waachiane nafasi. Barafu ina matundu ndani yake. Ndiyo maana kati ya sehemu kumi za kipande hicho, tisa ziko majini na moja imechungulia.

Akafikiri. Akauliza, kwa hiyo zikishikana zaidi ndiyo zinakaa mbali zaidi? Nikasema ndiyo, kwa maji. Akaandika kwenye kiganja, maana joho halina mfuko.

Chupa nikaifuta barafu nikairudisha kwenye deli. Jirani alikuwa ameniazima kwa sharti moja, na jioni hiyo alikuwa na mihogo ya kukaanga.